Alama Nyekundu Ukingoni

14 Oktoba 1996, Jumatatu

Daktari amesema nitafika Krismasi, lakini alipokuwa akisema alitazama dirishani. Moyo wangu, anasema, ni kama injini ya trekta la zamani: unawaka, ila usiupandishe mlima. Nina miaka sabini na saba, kwa hiyo habari yenyewe haikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba jambo la kwanza kunijia kichwani halikuwa Mungu wala maumivu. Ilikuwa rangi ya mdomo.

Nimetoa kabatini daftari la shule ambalo halikupata mwanafunzi. Nitaandika humo hadi zeituni ziishe au niishe mimi.

Argia, jirani yangu, alikuja adhuhuri na nyavu begani. Ana miaka themanini na miwili na bado anapanda ngazi ya mbao hadi matawini. Alitandaza nyavu chini ya mizeituni yake nyuma ya nyumba yangu, kisha akaniwekea mezani ungo wa zeituni za kwanza nichambue majani. Ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo.

“Daktari kasemaje?”

“Krismasi.”

“Krismasi ya mwaka gani?”

“Hakusema.”

“Basi ungemwuliza, Mwalimu. Majani haya hayatajichambua yenyewe.”

17 Oktoba

Mvua. Hakuna aliyechuma.

19 Oktoba, Jumamosi



Ivo Brandimarte amekuja leo, meya wetu, niliyemfundisha kusoma na ambaye hata sasa anachanganya kulia na kushoto. Aliingia jikoni akiwa amevua kofia, akamkuta Argia akinichomea mkate.

“Mwalimu, umekaa vizuri? Nina habari.”

“Nimekaa hivi tangu Agosti, Ivo. Sema.”

Baraza limeagiza jiwe. Litabandikwa ukutani pa ofisi ya manispaa, lenye maandishi haya: *Zelinda Pacetti, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Colleverna, 1951–1960.* Litazinduliwa Jumapili ya tarehe 24 Novemba, mavuno yakishaisha, kwa kuwa huu ni mwaka wa hamsini tangu wanawake wa Italia wapige kura kwa mara ya kwanza. Bendi ya tarumbeta itapiga.

“Na kitambaa,” akasema, akimgeukia jirani yangu, “kitavutwa na Mama Argia. Aliyekosa umeya kidogo tu mwaka arobaini na sita anamfunulia jiwe aliyepata mwaka hamsini na moja. Watu watalia, nawaambieni!”

Argia alikuwa wa kwanza kulia. Argia, ambaye hakutoa chozi alipomzika Silvano mumewe! Alijifuta kwa aproni, akanipiga kofi la bega.

“Umeona? Nilikwambia watakukumbuka ukiwa bado unapumua.”

Mkate uliungua. Nilisema ni moshi ulioniumiza macho.

20 Oktoba

Misa sikwenda. Argia kachuma peke yake, akiimba.

23 Oktoba, Jumatano

Niandike kwa mpangilio, maana nitakayemwachia daftari hili hatakuwa na wa kumwuliza.

Majira ya baridi ya mwaka 1945 vita vilikuwa vimeisha na serikali ikatangaza kuwa wanawake watapiga kura na kuchaguliwa. Nilikuwa mwalimu mwenye miaka ishirini na sita, mwanamke pekee kijijini mwenye cheti. Nilifungua darasa la jioni la wanawake wa Mtaa wa Chini, wale waliofanya kazi kwenye kinu cha mafuta na kwenye mashamba ya watu. Walikuja na vigoda vyao na kila mmoja na kuni moja ya jiko. Argia alikuja na kuni mbili. Alikuwa na darasa la tatu tu. Nilimfundisha kuandika barua, kusoma sheria, kusimama mbele ya watu bila kushika aproni.

Mwezi Februari tulikutana kuchagua atakayeongoza orodha yetu, orodha ya Suke la Ngano, dhidi ya orodha ya Mnara iliyokuwa ya wenye ardhi. Suke likishinda, kiongozi wake angekuwa meya. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kijivu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kukubali, na ya unyenyekevu mwingi kwelikweli.

Walimchagua Argia. Hakuna hata aliyelitaja jina langu. Argia mwenyewe alinitafuta kwa macho kutoka mbele, akasema, “Mwalimu ataniandikia hotuba,” na wote wakapiga makofi, wakidhani wamenipa heshima.

27 Oktoba

Ukungu. Kinu kimewashwa, harufu ya mafuta mapya imefika hadi kitandani.

2 Novemba, Siku ya Marehemu

Ivo alinipeleka makaburini kwa gari. Argia alikuwa tayari kwenye kaburi la mama yake na ndoo na brashi. Kama ilivyo desturi yetu, jiweni pana picha ya marehemu kwenye kigae cha duara. Mama yake, Cesira, alipigwa picha mara moja tu maishani, siku ile ya kura, Jumapili ya tarehe 24 Machi 1946, na mpiga picha aliyepita kijijini akiwa na sanduku lake. Amevaa kitambaa cheusi kichwani, na midomo yake imetokea myeusi pichani, kama aliyekula zambarau. Si zambarau. Ni rangi ya mdomo.

Mwaka baada ya mwaka Argia husema maneno yaleyale akiipangusa picha hiyo, na leo pia aliyasema.

“Mtazame Mama. Maisha yake yote kinu na mabirika ya kufulia, lakini siku ile Mwalimu alimfanya bibi mkubwa. Hadi anakufa alikuwa akisimulia. ‘Siku niliyopiga kura, Zelinda alinipaka mdomo.’”

“Argia,” nikasema.

“Nini?”

“Maji yako yamechafuka. Badilisha.”

Akaenda kubadilisha maji. Nilibaki na Cesira. Sikuweza kumtazama, nikatazama tarehe.

5 Novemba, Jumanne

Sikujua kwamba mtu anaweza kushtuka hivi akiwa amelala.

Ivo alikuja na kabrasha. Katika kutafuta mambo ya kusema siku ya jiwe, karani wake amefukua kumbukumbu za kituo cha kura cha mwaka 1946. Alicheka hata kabla ya kukaa.

“Mwalimu, sikiliza kioja. Mnara mia mbili thelathini na saba. Suke mia mbili ishirini na sita. Tofauti kumi na moja tu! Zilizoharibika ishirini na moja. Sasa sikia mwenyekiti wa kituo alivyoandika: ‘Kumi na tisa zimeharibika kwa alama nyekundu ukingoni.’ Rangi ya mdomo! Kumbe zamani zile karatasi ililambwa na kufungwa kama bahasha, na mwenye rangi mdomoni akaacha alama, na kura yenye alama inatupwa.”

“Najua sheria ilivyokuwa, Ivo.”

“Kumi na tisa! Wanawake bwana. Mara ya kwanza kupewa kura, wanajipamba mpaka wanaiharibu. Nitaanza nayo hotuba, watu wavunjike mbavu. Mama Argia atacheka kuliko wote.”

“Usiisome.”

“Kwa nini?”

“Argia alishindwa kwa kura kumi na moja.”

Alihesabu kwa vidole vyake, mwanafunzi wangu. Nilimwona akifika jibuni. Cheko likamtoka usoni taratibu, kisha likarudi.

“Basi ndiyo historia, Mwalimu. Bahati mbaya. Hakuna wa kulaumiwa, si ndiyo?”

Nilifumba macho. Alidhani nimechoka, akanifunika blanketi.

6 Novemba, Jumatano

Sasa niandike lenyewe.

Siku mbili kabla ya kura, kamati ya wanawake ya mjini ilituma kikaratasi kwa walimu wote wa kike. Kilisema: waambieni wanawake wasiingie kituoni na rangi mdomoni, kwa sababu ukingo wa karatasi ya kura hulambwa, na alama yoyote inaifanya itambulike na kutupwa. Waibebe mfukoni, wajipake wakishatoka. Nikatakiwa nikisome mitaa yote miwili.

Nilikisoma Mtaa wa Juu, kwa wake wa wenye ardhi, na walinishukuru. Mtaa wa Chini sikukisoma. Ningeishia hapo, isingekuwa dhambi kubwa sana, kwa sababu Mtaa wa Chini hapakuwa na mwanamke mwenye rangi ya mdomo. Hawakuwa na sabuni, wangekuwa na rangi?

Mimi nilikuwa nayo. Nesi Mwingereza wa jeshi aliniachia kijiti kimoja mwaka 1944, na nilikuwa nimekitumia mara mbili.

Jumapili ile asubuhi nilishuka hadi kwenye mabirika ya kufulia, mahali walipokutana ili waende kituoni pamoja. Walikuwa wamevaa nguo za Pasaka. Nikatoa kijiti nikasema, “Leo ni sikukuu yetu. Mtaingia kama mabibi.” Walicheka, wakasukumana, wakaona haya. Ndipo Cesira, mama yake Argia, ambaye hakuwahi kupakwa kitu mdomoni isipokuwa mafuta ya padri ya mpako wa wagonjwa, akajitokeza wa kwanza. “Nipake mimi, Mwalimu. Nikifa leo nife mzuri.”

Nilimshika kidevu. Kijiti kilikuwa kifupi, kwa hiyo nilitumia kidole. Nikampaka mdomo wa juu, kisha wa chini, nikamwambia abane. Kisha wa pili. Kisha Onelia, aliyekuwa na mimba. Walipanga foleni. Kumi na tisa, na mmoja mmoja aliniambia asante. Kikaratasi cha kamati kilikuwa mfukoni mwa koti langu muda wote huo. Kila nilipoinama kilinikwaruza kwenye nyonga.

Argia hakuwepo. Alikuwa kituoni tangu alfajiri kama mgombea. Alipomwona mama yake anaingia alipiga yowe la furaha.

Nimejiambia kwa miaka hamsini kwamba nilisahau. Niliandika hivyo hata katika barua ambayo sikuituma. Sikusahau. Sikutaka ashindwe kwa aibu. Nilitaka akose kidogo tu, ili wao waone kwamba ingefaa wamchague mwenye cheti.

Jioni walitangaza. Ishirini na moja zimeharibika, na wanaume wakaangua kicheko uwanjani: mnaona, hata kukunja karatasi hawajui. Mwenyekiti hakusema zimeharibikaje. Mwezi Juni, tulipopigia kura Jamhuri, sharti la rangi ya mdomo lilijulikana kwa kila mtu, na Argia akaja kwangu na gazeti.

“Mwalimu, na Machi je? Haikuwa hivi?”

“Hii ni sheria mpya,” nikamwambia, “ya kura ya Jamhuri.”

Akakunja gazeti. Aliniamini. Nilikuwa nimemfundisha kusoma.

Mwaka uliofuata Silvano, mumewe, aliyekosa kazi kwa wenye ardhi kwa sababu ya orodha ya Suke, alikwenda Ubelgiji kwenye machimbo ya makaa. Argia akamfuata. Wakati wao wako huko, mwaka 1951, mimi niliongoza Suke na nikashinda. Nikavaa mshipi wa umeya wa rangi tatu. Nikaleta maji Mtaa wa Chini, nikajenga shule. Yote hayo ni kweli na yapo, bomba lipo. Argia alirudi mwaka 1962 na mume aliyekohoa weusi, akamzika, akapanga nyumba iliyo karibu na yangu kwa sababu, alisema, hapa kijijini nilikuwa mtu wake.

Nimeandika kurasa tatu na jua limetua. Supu ya dengu aliyoniletea imepoa na sijaigusa.

8 Novemba

Nilijaribu kumwambia. Nikamwuliza kama nzi wa zeituni wameharibu sana mwaka huu.

9 Novemba

Mvua. Nilijaribu. Nikasema dengu zina chumvi.

“Hazina chumvi hata punje, daktari amekataza. We mwanamke umepatwa na nini?”

10 Novemba

Mvua.

12 Novemba, Jumanne

Nimemwambia.

Tulikuwa mezani tukichambua. Yeye alikuwa akinisimulia atakavyovuta kitambaa: asikivute kwa pupa, asikivute kama anayeanua shuka. Vidole vyangu vilikuwa majanini. Nilianza na kikaratasi cha kamati na sikunyamaza hadi mwisho. Sikulia. Nilikuwa nimeamua kutolia, maana ningelia yeye angenibembeleza.

Aliendelea kuchambua muda wote niliposema. Jani huku, zeituni kule. Nilipomaliza alisimamisha mikono.

“Mama pia?”

“Mama pia.”

“Ulimpaka mwenyewe?”

“Kwa kidole changu.”

Alikitazama kidole. Si uso wangu, kidole. Kisha akasimama, akashika kreti ya zeituni ambazo hazijachambuliwa, akatoka nayo. Mlango aliufunga polepole sana, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Ungo wake ameuacha.

13 Novemba

Argia hakuja.

14 Novemba

Argia hakuja. Nasikia kitana chake cha kuchumia matawini. Haimbi.

15 Novemba

Baridi kali. Hakuja. Mke wa Ivo kaleta supu. Ina chumvi.

16 Novemba

Hakuja.

17 Novemba

Ngazi haipo tena mitini. Amemaliza kuchuma, au ameacha.

19 Novemba, Jumanne

Alikuja. Alisimama mlangoni na koti lake, hakukaa.

“Sikuja kukusamehe. Nimekuja kuchukua ungo wangu.”

“Uko pale.”

Hakuufuata. Alitazama jiko.

“Silvano asingekwenda Ubelgiji,” akasema.

“Najua.”

“Hujui. Ulimsikia akikohoa kwa mwezi mmoja wa mwisho. Mimi nilimsikia miaka tisa. Lakini hilo nitalibeba mwenyewe, pengine angekwenda hata hivyo, wanaume wa hapa walikwenda wote. La umeya nalo, sijui. Labda ningekuwa meya mbaya. Nilikuwa mkali.” Akapumua. “Nimekaa siku saba natafuta jambo linaloniuma, na si hayo. Ni Mama. Maisha yake hakuna aliyemwuliza kitu. Baba yake hakumwuliza, baba yangu hakumwuliza, padri hakumwuliza. Mara moja aliulizwa, akajibu, akafunga kwa ulimi wake. Na wewe ukatupa. Ukamwacha miaka kumi na miwili anatamba na kitu ulichokwisha kukitupa. Na mimi nikaenda nikakibandika kaburini!”

Nikasema ninayo maandishi, nimeyaandika yote, nitamwachia yeye na manispaa.

“Maandishi!” Alicheka vibaya. “Nakujua kwa maandishi. Kwa maandishi unajipendezesha hata ukijitukana. Utasema kwa mdomo. Jumapili, uwanjani, mbele ya jiwe lako.”

“Sitafika Jumapili, Argia. Moyo…”

“Utafika. Ukithubutu kufa kabla ya Jumapili sitakuja mazishini.”

Akaondoka. Ungo umebaki tena.

21 Novemba

Daktari amekataza nisitoke. Nimemwambia nimesikia.

24 Novemba, Jumapili

Naandika jioni, nimeegemea mito. Niandike lote kabla mkono haujakataa.

Saa tatu asubuhi Argia aliingia bila kubisha. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi cha mama yake. Alitoa mfukoni kijiti kipya cha rangi ya mdomo, bado kina karatasi ya duka.

“Kaa wima.”

“Argia, nakuomba.”

“Leo ni sikukuu yetu,” akasema, na nilishtuka kwa sababu nilikuwa nimemwambia maneno yale mara moja tu, nao alikuwa ameyashika kama yalivyo. Alinikamata kidevu. Hakutumia kijiti, alitumia kidole, kigumu, chenye mikwaruzo ya matawi. Mdomo wa juu. Mdomo wa chini. “Bana.” Nikabana. Alinitazama. “Sasa unafanana naye,” akasema, na ndipo mimi nikalia, na yeye hakunibembeleza.

Ivo alinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi uwanjani, akishangaa mdomo wangu bila kuuliza. Watu walikuwa kama mia mbili. Bendi ikapiga. Jiwe lilikuwa ukutani chini ya kitambaa cheupe na Argia amesimama kando yake na kamba mkononi. Nikapewa kipaza sauti.

Nilisema. Sikuwa na karatasi. Nilisema kikaratasi, mabirika, kijiti, kidole. Nilipofika kwenye kumi na tisa, Ivo aliinama sikioni. “Mwalimu, pumzika, umechanganyikiwa kidogo,” kisha akawaambia watu, “Ni dawa, jamani, dawa zinamchanganya.”

“Hajachanganyikiwa,” akasema Argia. “Mwache amalize.”

Nikamaliza. Niliwataja wote kwa majina, kumi na tisa, kuanzia Cesira. Majina ya watu waliokufa yakaanguka uwanjani na kila jina kulikuwa na mtu aliyeinua kichwa: mjukuu, mtoto, mkwe. Mwenye tarumbeta kubwa alikuwa mtoto wa mwanamke wa saba. Alikiweka chombo chake chini. Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga kelele.

Ndipo sauti ikatoka mstari wa mbele. Onelia, aliyebaki hai peke yake kati yao, miaka themanini na minane, yuko kwenye kiti kama changu, na ni kiziwi nusu.

“Kasemaje? Kura yangu haikuhesabiwa?”

Mjukuu wake akamwambia sikioni: ndiyo, Bibi, na Mama Argia akashindwa kwa ajili hiyo.

“Kwa ajili yangu? Ashindwe kwa ajili yangu kwani mimi nilimpa?” Onelia aliangalia huku na huku. “Mimi nilipigia Mnara!”

Argia akaiachia kamba.

“Onelia, wewe? Ulikula kwangu wiki ile nzima!”

“Nilikula, ndiyo. Ulikuwa unapika vizuri. Lakini ulikuwa na mdomo wewe, binti Cesira, ulimfokea mume wangu pale kinuni mbele ya watu. Nikasema huyu akiwa meya atatufokea sote.” Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. “Na mama yako pia.”

“Mama yangu pia nini?”

“Mnara. Tuliingia pamoja. Aliniambia pale mlangoni, midomo yake imebanwa isifutike: ‘Onelia, watamrarua mwanangu hawa wanaume. Siwapi.’ Akaenda akaweka alama Mnara. Akasema nisikuambie. Sasa si amekufa?”

Sijawahi kuuona uso wa Argia vile, na nimeuona kwa miaka hamsini. Ulifunguka wote. Nilidhani ataanguka. Alishika ukuta, akakaa kwenye ngazi ya manispaa na kitambaa cheusi kichwani, na sauti ikaanza kumtoka tumboni ambayo hatukujua ni kilio au ni nini, hadi tukaona anacheka.

“Yule mwanamke!” akasema. “Ndiyo maana jioni ile hakunitazama machoni! Alinikaangia mayai matatu! Mayai matatu, na njaa ile!”

Watu wakaanza kucheka naye, wengine wanalia. Mimi sikuweza kufanya lolote kati ya hayo. Nilikaa na mdomo wangu mwekundu na nikaelewa kitu ambacho sikukielewa nilipokuwa mwalimu, wala nilipokuwa meya, wala katika kurasa zote hizi. Nilidhani nimeiba kura kumi na tisa za Argia. Nilizihesabu hivyo miaka yote: kumi na tisa, kutoa kumi na moja, angeshinda kwa nane. Haikunijia hata siku moja kwamba yule mwanamke niliyemshika kidevu alikuwa na wazo lake mwenyewe nyuma ya midomo ile. Walimchagua Argia badala yangu nikaona ni upofu. Wengine wangechagua Mnara badala ya Argia, na kwa hofu, na kwa mapenzi, na kwa ugomvi wa kinuni, na yote yalikuwa yao. Sasa hakuna atakayejua angeshinda nani. Hilo ndilo nililoiba, na halirudishiki.

Argia hakukivuta kitambaa. Alisimama, akajifuta, akamwambia Ivo, “Literemshe jiwe. Mwambie fundi aligeuze upande wa nyuma, achonge majina kumi na tisa. Mama awe wa kwanza.”

“Na niandike nini juu yake, Mama Argia? Walimpigia nani?”

“Andika walipiga kura. Basi.”

27 Novemba, Jumatano

Daktari hasemi Krismasi tena.

Argia alipita na chupa ya mafuta ya mavuno yake, ya kijani, bado hayajatulia. Aliikaza kizibo, akaiweka mezani. Hakukaa. Nilimwambia ungo wake bado uko hapa.

“Nimeuona,” akasema. “Kuna majani ndani.”

Hakuuchukua. Nimekaa nao mapajani na nimechambua zeituni zote zilizobaki ndani yake, zilizokwisha kusinyaa, hazifai kwa kinu wala kwa kulowekwa chumvini.

Daftari hili nalitia kwenye bahasha ya manispaa, liwekwe pamoja na kumbukumbu za mwaka 1946. Argia aliacha kile kijiti mezani siku ya Jumapili. Nimejipaka mwenyewe, mdomo wa juu na wa chini, na nitalamba ukingo wa bahasha bila kujifuta. Karani atakayelipokea ataona alama. Kwa sheria niliyoijua vizuri kuliko wote, ushahidi huu umeharibika.

Aufungue hata hivyo.